Mshale uchongwe kwenye nati yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala yenu ya vifaa vipya vya kuhamisha mfupa. Mwandishi aliieleza vizuri kazi ya mota na sumaku, akawasifu madaktari na wahandisi, nao wanastahili sifa hizo. Lakini mgonjwa alipata sentensi moja tu, kwamba kazi yake ni kusubiri mfupa uote. Nimevaa mguuni kwa miezi 13 fremu ya kazi hiyohiyo, pete za chuma zinazouzunguka mguu na kuushika mfupa kwa waya, na nina la kusema juu ya kusubiri huko.

Mimi ni mkerezaji wa vyuma, kazi niliyoifanya kwa miaka 26. Shafti ilinidondokea karakanani, ikavunja muundi wa mguu wa kushoto, mfupa ukatokeza nje. Kidonda kikaingiwa na vijidudu, kikatunga usaha, na mwishowe daktari bingwa wa mifupa akaondoa sentimita 7 za mfupa uliokwisha kufa. Pengo la ukubwa huo mwili hauwezi kuliziba wenyewe. Akaukata mfupa wenye afya chini kidogo ya goti, kwa uangalifu ili utando wake wa nje usichanike sana, kikapatikana kipande kilichoshikwa kwa waya kwenye pete yake. Kipande hicho ndicho kilichotakiwa kuteremshwa polepole hadi kikutane na mfupa wa chini, na nyuma yake, pale kilipotoka, mfupa mpya ujijenge. Aliponichorea nilielewa mara moja: ni sawa na gari la mashine ya kerezo, kile kibebeo cha kisu, linavyosogezwa na skrubu ndefu. Tofauti ni kwamba skrubu hii inavuta nyama na mishipa iliyo hai.

Mwendo wake ni milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne. Vipimo hivi havikuokotwa hewani. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia aliyeianza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, alijaribu miendo mbalimbali kwa mbwa. Kwa nusu milimita kwa siku, mfupa uliwahi kuungana kabla ya wakati. Kwa milimita 2, mfupa mpya ulishindwa kujijenga sawasawa. Akaona pia kwamba milimita ileile ikigawanywa katika hatua 60 ndogondogo kwa mota, matokeo yanakuwa bora zaidi kuliko hatua nne. Kwa hiyo anayebuni mota leo ana msingi imara, wala sina ugomvi naye.

Fremu yangu ilikuwa na fito tatu zenye hesi, na hatua ya hesi ni milimita 1, yaani nati ikizungushwa mzunguko mmoja kamili inasogea milimita 1. Robo mzunguko, robo milimita. Kila ufito una nati juu ya pete na nati chini yake: unalegeza ya chini kwa robo, unakaza ya juu kwa robo, na pete inashuka. Milimita 70, mara nne kwa kila milimita, mara fito tatu, ni robo mizunguko 840. Kila mara spana namba 10 inashika nati mbili. Siku saba baada ya upasuaji tulianza, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, na muuguzi alitusimamia mpaka niliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Nati za mbele nilizifikia mwenyewe. Ya nyuma ya shavu la mguu sikuifikia, akaichukua mke wangu. Karatasi tuliyopewa iliandikwa, "Zungusha nati kulia, robo mzunguko." Mimi nilikuwa nimeketi kitandani nikitazama kutoka upande wa goti. Yeye alikaa miguuni, akitazama kutoka upande wa unyayo. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Alifuata karatasi neno kwa neno. Kwa sababu nati moja ililegea na nyingine ikakaza, kama siku zote, mkono wake haukuhisi kosa lolote. Siku ya pili usiku tangu turudi nyumbani, akaniambia, "Baba watoto, mbona huku nyuma pete iko juu kuliko mbele?" Nikaagiza kalipa yangu ya karakana, nikapima umbali kati ya pete na pete mahali patatu. Mbele kote pete ilikuwa imeshuka milimita 2. Nyuma ilikuwa imepanda milimita 2.

Daktari alituelekeza kwa simu tusimamishe fito za mbele na kusogeza wa nyuma peke yake, milimita 1 kwa siku, hadi pete ikae sawa. Zilikuwa siku nne za maumivu, kwa maana waya zilipinda ndani ya nyama. Mke wangu alilia, na hadi leo huwa anajilaumu. Mimi nasema kosa halikuwa lake. Ni kosa la mchoro. Hakuna mkerezaji anayekubali kupokea kazi iliyoandikwa "zungusha kulia" bila kuambiwa atazame kutoka wapi. Kwa nini basi tumwachie hilo mtu ambaye hajawahi kushika spana maishani, usiku, mumewe akiugulia kwa maumivu?

Inasimuliwa kwamba Ilizarov mwenyewe aligundua mfupa mpya unaota kwenye pengo baada ya mgonjwa wake kuzungusha nati kinyume na alivyoagizwa, akivuta pale alipotakiwa kubana. Wanaosimulia hukazia ugunduzi. Mimi kila nikiisikia namfikiria yule mgonjwa na spana yake, kwamba tangu wakati huo nati hizi zimekuwa zikizungushwa kinyume.

Ninachowaomba wabunifu ni vitu ambavyo karakana yoyote nzuri inaviweza. Mshale uchongwe kwenye nati, au kwenye kikombe kinachoivika nati, uonekane ukitazama kutoka goti au kutoka unyayo. Kila robo itoe mlio na mguso ambao kidole kinausikia hata gizani. Kuwe na kizuizi cha kurudi nyuma, ambacho daktari peke yake ana ufunguo wake. Na kuwe na tarakimu zinazohesabu, ili mzungushaji wa jioni ajue kama wa mchana alizungusha. Ufito wa nyuma usogezwe ubavuni mahali mkono wa mwenye mguu unapofika. Kama mahesabu ya nguvu yanaukataa, uwekewe mkono mrefu.

Tarakimu hizo zisichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Waya hupinda kidogo kwanza kabla ya kipande kusogea, kama mashine yenye mchezo inavyozunguka bure mwanzoni. Nati inaweza kusema robo na mfupa ukawa umesogea pungufu. Picha ya eksirei ndiyo inayosema kweli.

Kwenye jambo moja vifaa vipya vinanizidi hoja kabisa. Waya za fremu yangu zilishuka pamoja na kipande zikiichana ngozi kama jembe la kukokotwa, mbele inapasuka, nyuma inapona, mwezi wa kwanza na wa pili. Matundu yake yalitoa usaha mara tatu. Kuvuta kipande kwa kebo inayopita ndani, au kwa msumari wenye mota ndani ya uwazi wa mfupa, kunaepusha mateso hayo, na nawaombea wagonjwa wengi wavipate. Lakini msumari ulio ndani hauonekani. Ukikwama siku mbili, mgonjwa atajuaje? Mwandishi wenu hakuuliza, nami nilisoma makala mara mbili nikilitafuta jibu.

Kusubiri kweli kulikuja, ila baadaye. Kipande kilipofika chini, ncha mbili hazikushikana, zikahitaji kusafishwa na kuongezewa mfupa kutoka nyonga. Kisha nati hazikuguswa tena kwa miezi mingi, mfupa mpya ukikomaa. Leo natembea bila fimbo.

Daktari alipoivua fremu niliomba ufito ule wa nyuma, nikapewa. Nimechonga mishale miwili kwenye kila nati yake, mmoja wa anayetazama kutoka juu, mwingine wa anayetazama kutoka chini. Ilinichukua kama nusu saa. Mhandisi yeyote anayetaka kuuona aniletee kifaa chake na mimi nikione, ila mke wangu ndiye atakayekizungusha kwanza.

Msomaji wenu,
Mkerezaji wa vyuma