Kisima cha Babu na kazi ya Kassimu

Raleigh, North Carolina
Jumapili usiku

Dada Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Baridi ya mwaka huu imezidi na mgongo ulinisumbua kidogo, sasa nimepoa. Tuyaache hayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pesa ya bati nimeituma leo asubuhi kwa jina lako, si kwa jina la Baba mdogo. Chukua geji 28 hata kama fundi atakwambia 30 inatosha, na aanzie upande wa chumba cha Mama.

Lililoninyima usingizi ni maneno ya Baba mdogo Saidi kwenye arobaini ya Bi Zuhura, mbele za watu. Eti nafanya kazi ya vitu vya bure, yaani hizi programu za kompyuta, eti mshahara wangu una siri, na eti nimemharibu mdogo wetu Kassimu hadi naye anagawa jasho lake mtandaoni kama halua ya maulidi. Niliumia, Dada. Miaka 9 niko huku, sijawahi kula cha mtu. Naomba umsomee barua hii jioni, akishakunywa kahawa.

Kwanza ashike simu yake aitazame. Ile Android anayosikilizia mawaidha, moyo wake ni Linux, programu ya msingi inayoendesha simu na kompyuta. Aliyeianzisha ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, akaiweka wazi watu waisome, waitumie na waibadilishe. Programu za namna hiyo ndizo zinaitwa huria. Kuichukua hulipi senti. Na tangu mwaka jana ndani ya Linux ipo mistari 14 niliyoandika mimi, mtoto wa Makorora. Watunzaji wake walinirudishia mara 5, hapa parekebishe, pale fupisha, hadi wakaikubali. Usiku ule nilikaa kitandani nikalisoma jina langu na jina la Baba nyuma yake. Nilitamani angekuwa hai.

Sasa pesa inatoka wapi? Basi langu la asubuhi hupita karibu na jengo la kampuni ya Red Hat. Mimi siko kwao, niko kwenye kampuni ndogo, lakini biashara ni ya namna ile ile. Wao walianza mwaka 1993. Wanaichukua Linux ile ile ya bure, wanaipima, wanaahidi kuiziba matundu ya usalama kwa miaka kadhaa, na mitambo ya mteja ikigoma usiku kuna mtu wa kupokea simu. Mteja analipia utunzaji huo kila mwaka. Mwaka 2012 mapato yao ya mwaka yalivuka dola bilioni 1. Mwaka 2019 IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, ikainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 34. Baba mdogo aitafakari hesabu hiyo kabla hajasema tena kwamba cha bure hakina pesa.

Na biashara hii anaijua, maana aliiona pale uani kwetu. Si unawakumbuka vijana wa mikokoteni? Kisima Babu alikiweka wakfu, kila mwenye ndoo achote. Wao walikuja alfajiri, wakajaza madumu, wakayapeleka hotelini kuyauza. Babu hakuwa na neno. Alisema wenye hoteli wanalipia kusukumiwa mkokoteni juani, maji ni ya Mungu. Kilichomuuma ni kamba. Ikikatika, hodi ilipigwa kwake. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa akiiunga usiku, na wewe ukimpaka mafuta ya nazi viganjani pale katani ilipomchana. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wa wauza maji aliyewahi kuja na kamba mpya.

Huku mambo ni hayo hayo. Mwaka 2014 lilionekana tundu kubwa kwenye OpenSSL, programu huria inayofunga kwa siri mawasiliano ya tovuti nyingi sana duniani. Wakaliita Heartbleed. Kumbe watunzaji wake walikuwa watu wachache mno, na michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yaliyojitajirisha juu ya mgongo wao yalichanga baada ya fedheha.

Najua Baba mdogo atasema, basi si wafunge? Kama alivyotaka kukitia kufuli kisima mwaka aliofariki Babu, tukanuniana miaka miwili. Wapo waliofunga. Redis, wenye programu ya kuhifadhi data, walibadilisha leseni, yaani masharti ya kuitumia, Machi 2024, wamechoka kuona makampuni ya kukodisha kompyuta yakiuza huduma ya kitu chao. Mwezi haukuisha. Shirika la Linux Foundation, likiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle, lilichukua nakala ya mwisho iliyokuwa huria na kuiendeleza kwa jina la Valkey. Mwaka uliofuata Redis wenyewe wakarudisha leseni huria. Watu wenye ndoo hawakosi pa kuchimba.

Sasa Kassimu. Ile kampuni ya Dar iliyoichukua programu yake ya kalenda ya Kiislamu na kutangaza kwamba wamebuni wenyewe, imenitia hasira kuliko hata maneno ya Baba mdogo. Lakini mambo ya mwanasheria na mamilioni wayaache. Leseni ya MIT aliyoichagua Kassimu mwenyewe inawaruhusu kuuza. Kulifuta jina lake kwenye nakala ndiko kusikoruhusiwa, na hilo ndilo la kudai kwa maandishi. Barua nimeshamwandalia, aweke sahihi tu. Na yule mtu wao anayempigia saa sita usiku kwamba tarehe za Ramadhani hazijakaa sawa, atajiwe bei, kwa mkataba wa mwezi, wamlipe kabla hajafungua kompyuta. Asione haya. Programu aiache wazi kama ilivyo, asiifute kwa sababu ya maneno ya watu. Kijana wa miaka 22 kazi yake inatumika Dar nzima, halafu nyumbani anaitwa mjinga! Mwambie kaka yake anajivunia.

Jana nilijaribu kupika mkate wa kumimina. Hamira niliyoipata haiumui kama ya kwetu, ukanilalia chini, lakini harufu ya iliki ilijaa chumba kizima, nikakaa nayo hadi ikaisha.

Kwenye ile pesa kuna 60,000 ya ziada. Nunua kamba ya kisima, ya nailoni nene, Kassimu aifunge. Mama mwambie nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Ndugu yako,
Hamisi