Kabla baba yako hajafika Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa kitandani, baba yako kashalala. Unasema umemtengea chumba cha nyuma, umenunua godoro jipya, na kwamba akifika hataruhusiwa kugusa hata kikombe: ni kula, kulala na kutazama ziwa. Nimefurahi, tena nimekuombea. Ila kabla hajapanda basi nataka nikueleze yaliyotokea Kiwengwa, maana kwenye simu nilikwambia tu kwamba tulikula vizuri na bahari ilikuwa nzuri.

Safari ile tuliihangaikia miaka mitatu. Sisi wawili, mwalimu wa kwaya na mkewe, katibu na mumewe, kila mwezi tulikuwa tunaweka kidogo kidogo mpaka zikatosha siku sita kwa bei ya Watanzania. Basi kutoka Mbeya hadi Dar, tukalala, asubuhi boti kama saa mbili hivi majini, halafu gari hadi Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Mapokezi ya hoteli kijana akatufunga kila mmoja ukanda wa plastiki wa buluu mkononi. Akasema, "Kuanzia sasa wazee wangu msifungue pochi. Chakula, soda, bia, kahawa, vyote vimo humu." Katibu akapiga vigelegele pale pale.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu, sikufichi. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, matunda yaliyokatwa yamepangwa kama maua. Mimi ambaye kwa miaka yote hii sijawahi kula chakula cha jioni bila kujua kesho asubuhi nitapika nini, nilikaa kwenye kiti cha kitambaa nikatazama maji mpaka macho yakalegea. Naomba Mungu akujalie na wewe siku kama ile.

Lakini baba yako alianza kunitia wasiwasi siku ya pili. Tulipomaliza kula alikusanya sahani za meza nzima, akazipanga, akaanza kuelekea nazo jikoni. Kijana wa kuhudumia akamkimbilia, "Mzee wangu, naomba uache, utanitia matatani." Akaziacha. Akabaki amesimama pale katikati ya meza za watu, mikono inaning'inia. Sijawahi kuiona mikono ya baba yako ikiwa hivyo.

Halafu kiyoyozi cha chumbani kikawa kinadondosha maji. Tukasema mapokezi, wakaahidi fundi. Fundi hakuja siku hiyo wala ya pili yake. Baba yako alilala chali anakisikiliza: tone, tone, tone. Usiku wa manane akaniambia, "Ni mrija tu umeziba. Dakika kumi." Asubuhi akaenda kuomba bisibisi, wakamkatalia kwa heshima zote, mgeni haruhusiwi. Wana sababu zao, naelewa. Ila alirudi chumbani kama mtu aliyetukanwa.

Wewe ulikuwa mbali alipostaafu mwezi wa saba, kwa hiyo hukuona nilichokiona. Miaka 34 karakana ya reli ya TAZARA, halafu ghafla miaka 60 imetimia na geti linafungwa nyuma yako. Alirudi nyumbani na ovaroli mbili ndani ya mfuko wa rambo. Tangu siku hiyo maneno yakapungua. Asubuhi ndiyo, jioni ndiyo, basi. Mwanangu, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata dada yangu: nilidhani amenichoka. Niliipigania safari ile kwa sababu hiyo hasa. Nilijisemea, akipata kupumzika vizuri, tukiwa na marafiki, atanirudia. Na kumbe kila siku ya kupumzika ilikuwa inamzidishia.

Siku ya nne mwezi ulikuwa umekaribia kuwa mpevu. Wenyeji huita bamvua, wakati ambao maji yanajaa sana na kupwa sana. Tulipotoka kunywa chai, bahari haikuwepo. Ilikuwa imekwenda mbali kabisa kule mwambani, imeacha mchanga na vidimbwi, na huko katikati wanawake wameinama. Baba yako akavua viatu, akakunja suruali. Nikamfuata. Mlinzi akatuangalia tu, na wale papasi wa kuuza safari za boti wakatuacha tupite, nadhani tulionekana kama watu wenye shughuli yetu.

Tukamfikia mama mmoja wa makamo, khanga kaifunga kiunoni, maji ya magotini. Alikuwa anagonga kigingi kwa jiwe. Baba yako akasogea karibu, yule mama bila kuinua kichwa akasema, "Baba, tazama unapokanyaga, hiyo mbegu."

Ni shamba la mwani, mwanangu. Vigingi viwili, kamba imevutwa katikati, na kwenye kamba kumefungwa matawi madogo madogo ya mwani kwa vijikamba wanavyoviita taitai. Unakua wiki kama sita, unavunwa, unaanikwa, unauzwa nje ya nchi, na huko wanatoa ute wake wa kugandishia askirimu na dawa ya meno. Alitueleza yote hayo mikono ikiendelea. Unguja kilimo hiki kilianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, kikasambaa pwani nzima, na wengi wanaokilima ni wanawake. Kuna mwani mnene wenye bei nzuri, lakini siku hizi maji ya pembeni yanapata moto mno na unakatika vipande ukafa. Kwa hiyo wengi wanabaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Alilisema hilo la bei bila kulalamika, nikaona aibu kwa ukanda wangu wa buluu.

Baba yako akamuuliza kwa nini kigingi kinalegea. Yule mama akamjibu kwamba chini ni mwamba, mchanga ni kiasi tu. Baba yako akachuchumaa majini. Akakipapasa kile kigingi kama anavyopapasa ukuta kutafuta nyufa, akakigeuza, akakipigilia kwa mshazari, kikashika. Yule mama akakitikisa. Akacheka, akasema, "Njoo basi n'kuoneshe kufunga." Akamfundisha fundo: unazungusha, unapitisha, usikaze sana utaukata. La kwanza likafunguka. La pili likafunguka. La tatu yule mama akalivuta, akaitikia kwa kichwa.

Alifunga kamba nzima. Mimi nikifunga tawi moja yeye anafunga matatu. Tulitoka pale maji yalipoanza kurudi, mgongo wangu unalia, chakula cha mchana kimeshatupita. Na njiani baba yako akawa anaongea! Anaongea kuhusu vigingi, kuhusu vyuma chakavu vya reli ambavyo vingefaa, halafu akakumbuka vyuma vina kutu, halafu akacheka peke yake.

Usiku tulikaa barazani, taa tumezima. Akanyoosha vidole akavitazama, akasema, "Leo mikono inauma vizuri." Ndipo akaniambia mengine. Kwamba siku ya mwisho karakana alihesabu spana zake mara mbili kabla ya kuzikabidhi, zikiwa zimetimia, na akatamani moja ipungue ili apate sababu ya kurudi kesho yake. Kwamba akikaa nyumbani anajiona ananizuilia njia jikoni kwangu. Nikamuuliza, miezi yote hiyo ulikuwa unanyamaza kwa sababu ya hilo? Akasema hakujua aseme nini. Tuliongea mpaka kiyoyozi kikaacha kudondosha, au labda tuliacha kukisikia.

Katibu alinuna kidogo, akasema tumelipia starehe tukaenda kulima. Mwalimu alikuja nasi asubuhi iliyofuata. Marafiki ni hivyo, kila mmoja na raha yake, na bado tulicheka pamoja jioni zote.

Kwa hiyo mwanangu, godoro jipya sawa, na ziwa alitazame. Lakini ulinieleza kuhusu pampu ya maji inayopiga kelele, na dirisha la jikoni lisilofunga mpaka unaweka gazeti. Yule fundi uliyepanga naye Jumamosi, mwambie asije. Na usimwambie baba yako kwamba umemwachia kazi kwa ajili yake. Mlalamikie tu pampu wakati wa chai, kama unavyonilalamikia mimi.

Bisibisi amepakia mwenyewe. Nimeziona leo, amezifunga ndani ya soksi chini kabisa ya begi, na mimi nimejifanya sijaona.

Mama yako