Faili ya Marekani haifuatiliwi kama ya Kampala

Mhariri, salamu sana.

Nimesoma ile barua mliyoitoa juzi, msomaji mwenzangu anawashauri madaktari wetu vijana waliofanya intavyu za residensi Marekani, yaani mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini, kwamba sasa ndiyo kazi imeanza, wapige simu, watume imeili kila wiki mpaka jina liwakae wale watu kichwani. Nilikuwa nakunywa chai, ikapoa mbele yangu. Naona anaongea kwa nia nzuri, lakini huo ushauri utawaharibia watoto wa watu, na mimi nasema hivi kwa sababu njia hiyo nilishaipita na yakanikuta.

Hapa kwetu Uganda ukipeleka karatasi zako ofisini halafu ukakaa nyumbani kusubiri, utaota mvi. Lazima ufuatilie. Jumatatu unaambiwa bosi ametoka, Jumatano faili haionekani, Ijumaa karani anakunywa soda uliyomnunulia na faili ile ile inatoka chini ya meza yake. Aliyefanya interni hapa anajua, kupata kituo ni kufuatilia, kupata posho ni kufuatilia tena. Sasa mtu aliyelelewa hivyo akimaliza intavyu mwezi wa kwanza, wiki mbili zikapita kimya, anajiona kama amelala, mwili unamwasha, anaanza kufuatilia. Kule faili haifuatiliwi jamani.

Kule wanayo kitu inaitwa Match, kwenye grupu yetu ya WhatsApp tunasema mechi tu. Ukishamaliza intavyu unaandika listi ya programu zote (yaani mafunzo ya hospitali fulani) unazozitaka kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, na wao wanaandika yao ya madaktari, listi zote zinafungwa siku moja (2025 ilikuwa tarehe 5 mwezi wa tatu) na kompyuta ndiyo inaoanisha. Ifikirie kama taksi pale Old Park, stendi ya Kampala. Unaanza na gari unayoitaka kuliko zote, kondakta akiwa na kiti anakukalisha, lakini kwa muda tu, akija abiria ambaye yeye anamtaka zaidi anakuteremsha, basi unaenda gari ya pili kwenye listi yako, na kule hujapoteza kitu kwa sababu ulianzia hapa, wanakupima kama vile umefika wa kwanza. Hiyo hesabu ilitengenezwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson, ikaanza kutumika 1998, na huyo Roth 2012 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley. Kwa hiyo wewe uliyekaa Wandegeya unapiga hesabu nani anakupenda ili umuweke wa kwanza, huizidi akili hiyo kompyuta. Weka unayoitaka juu. Basi.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na intavyu tano za intanomedisini, yaani magonjwa ya ndani, zote kwa kompyuta, moja stima ilipotea katikati nikamalizia kwa simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Baada ya wiki kama mbili dairekta wa programu moja akanitumia imeili, tumefurahi sana kuongea na wewe, tunakuona ukifanya vizuri hapa, tunatumaini tutakuona mwezi wa saba. Mwezi wa saba ndiyo residensi inaanza! Nikamwambia mama, mama akawaambia kanisani, kuku akachinjwa. Na mimi kwa ujinga wangu nikasema sasa za nini programu tano, nikaikata listi zikabaki mbili, ile ya dairekta juu ingawa moyo wangu haukuwa pale kabisa, mji wenyewe nilikuwa siujui na baridi yake nilishaisoma ikanitosha.

Jumatatu ya wiki ya mechi wanakuambia tu kama umepata au hujapata, ni wapi utaambiwa Ijumaa. Huku ilikuwa jioni. Sikupata.

Baadaye kidogo nikaongea na jamaa wa Nairobi tuliyejuana kwenye grupu, naye alitumiwa imeili na programu ile ile, tukalinganisha, neno kwa neno, jina tu ndilo limebadilishwa. Mama aliniuliza kama tunaweza kuipeleka polisi. Mama, hatuwezi. Sheria za mechi zinawaruhusu wakwambie wanakupenda na wewe uwaambie unawapenda, ila hakuna neno hata moja hapo linalomfunga mtu, kinachofunga ni listi. Mimi nililidhani ni ahadi, kumbe ilikuwa salamu. Na kule kuikata listi ndiko kulikoniua hasa, maana kuongeza programu ya tano chini hakukupunguzii chochote kwa ile ya kwanza, gari ya tano hata haiulizwi kama umeshakaa ya pili.

Na nikiri na hili, na mimi nilidanganya. Niliwaandikia watatu kila mmoja kwamba ninyi ndio namba wani wangu. Niliona watu wa grupu wanauziana hizo barua tayari zimeandikwa, unajaza jina la hospitali unatuma, na mpaka leo zinauzwa, elfu hamsini kwa mobile money. Msizinunue. Wale madairekta wanasoma mamia ya barua hizo kila msimu, ya kunakili wanaijua harufu, na dunia yao ni ndogo, wanakutana kwenye mikutano, wanapigiana.

Sasa nini kinafaa? Ni kidogo sana ndugu zangu, ndiyo maana nasema faili haifuatiliwi. Ukimaliza intavyu, siku ile au kesho yake andika asante fupi, mistari mitano inatosha, utaje kitu kimoja mlichoongea kweli, ile kliniki ya kisukari au vile mnavyomtibu mgonjwa wa TB hapa kwetu, umwite Dr. na jina la ukoo, siyo jina la kwanza hata kama alikuchekea. Halafu mwezi wa pili kabla listi hazijafungwa, mmoja tu, yule unayemweka juu kweli, mwandikie kwamba nakuweka wa kwanza. Mmoja. Wengine ukitaka waambie nimeipenda sana programu yenu, bila namba, huo si uongo. Kama kuna kitu kipya cha maana, matokeo ya Step 3, ule mtihani wa leseni ya Marekani, yametoka au cheti cha ECFMG, kile cha madaktari waliosoma nje ya Marekani, kimefika, wape taarifa mara moja. Swali la viza, kama wanachukua watu wa J-1, ile viza ya mafunzo, muulize kodineta anayeshughulikia ofisi ya programu, siyo dairekta, na mjibu kwa heshima maana kodineta ndiye anayejua kila kitu pale. Na programu ikisema baada ya intavyu hatutaki mawasiliano, ziko nyingi za hivyo, usiandike hata asante. Najua inauma, sisi kwetu kutoshukuru ni kukosa adabu, lakini kwao hapo adabu ni kunyamaza.

Wakikupigia wao je, wakuulize umetuweka namba ngapi? Hawaruhusiwi kuuliza hivyo, wala kukuuliza umeomba wapi kwingine. Usigombane nao, sema tu nimewapenda, listi bado naifikiria, halafu uongelee kitu kingine.

Kuna jambo la wajomba nalo. Kijana mmoja ninayemsaidia ana mjomba anakaa Waltham, kule Massachusetts ambako watu wetu ni wengi mpaka matoke unapata, basi mjomba akaona asaidie, akapiga simu kwenye programu kujitambulisha kama mzee wa familia na kumuombea kijana. Mara tatu. Kijana aliposikia alikaa chini. Sijui walimweka wapi kwenye listi yao, ila wazee wetu wa ughaibuni, tunawapenda, tafadhali simu hizo zipigeni nyumbani.

Na ikitokea Jumatatu imekwenda vibaya kama yangu, kuna ile SOAP ya nafasi zilizobaki, hapo ndipo kupiga simu ni kosa kabisa, programu ndiyo inaanza kukutafuta wewe, ukiitangulia umevunja sheria na wanaweza kukuripoti. Mimi wiki ile nilishika simu mara kumi naiweka. Bora nilivyoiweka.

Sikurudia mwaka uliofuata, hela ya mitihani iliisha, leo natibu watu Jinja na sijuti sana, siku nyingine najuta. 2024 madaktari wa nje wasio raia wa Marekani waliopata walikuwa kama asilimia 58 na nusu, maana yake wanaokosa ni wengi na hawakosi kwa kuwa hawakupiga simu ya kutosha.

Mhariri, kama mtaichapa hii naomba iwe kabla listi hazijafungwa, na msiifiche chini ya matangazo ya viwanja, maana ile ya kwanza mliiweka juu kabisa na kwenye grupu watu wameshaanza kununua airtime ya kimataifa.

Ni mimi daktari msomaji wenu,
Jinja (jina nimewapa ninyi, msilitoe)