Barua kwa mwanangu: hela ya pawa saplai isiguswe

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Hatujambo sote. Orodha yako ya vifaa vya kompyuta ya nyumbani nimeipata, nikaisoma mara mbili, kisha nikampa mama yako naye aisome. Umepanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kilichoninyima usingizi ni mstari wa mwisho, ulipoandika: "Pawa saplai: yoyote, kulingana na chenji itakayobaki." Mwanangu, hicho kinacholisha kompyuta nzima umeme ndicho kifaa kisichonunuliwa kwa chenji.

Prosesa uliyochagua, huo ubongo wa kompyuta, Ryzen 5 5600G, sina neno nayo. Inatoa picha yenyewe bila kadi ya pembeni, na inatosha kwa hesabu za kikoba cha mama yako, kwa barua zangu na kwa gemu za mpira za mdogo wako, mradi akubali kupunguza ubora wa picha. Iangalie tu ile herufi G, kwa kuwa kuna nyingine iitwayo 5600 isiyo na herufi, ambayo haionyeshi kitu kwenye kioo mpaka ununue kadi, na muuzaji mwenye haraka atakuambia ni kitu kilekile. Kuchagua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16 pia ni akili, maana upande wa picha hukopa nafasi kwenye RAM hizohizo, na zikiwa mbili data hupita kwa wingi zaidi. Nimewasimulia hayo majirani kana kwamba niliyajua tangu zamani.

Sasa turudi kwenye pawa saplai. Umesema kompyuta nzima haitafika wati 200 hata gemu ikichezwa, kwa hiyo yoyote iliyoandikwa wati 500 inafaa. Hesabu yako haina kosa, ila umeamini maandishi ya kibandiko. Ile ya kompyuta yetu ya zamani, iliyoungua, nayo iliandikwa wati 500. Jana nimeitoa stoo nikaifungua: kapasita zimevimba vichwa kama maandazi, na mahali pa koili za kuchuja umeme wameacha matundu matupu, wakaunga kwa vipande vya waya. Ukiishika ni nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Umeme uliporudi usiku ule, iliondoka na madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, pamoja na diski, na diski ile ilikuwa na nini unajua wewe.

Fundi alisema siku chache baadaye kwamba gemu haziunguzi kompyuta, kwa hiyo adhabu ya muhula mzima aliyopewa mdogo wako haikuwa na msingi mkubwa. Na aliyeinunua ile, baada ya kushauriwa aongeze hela kidogo apate nzuri, hakuwa yeye. Tuyaache hayo.

Nunua ya wati 450 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze, ikiwa ndani ya boksi lake, na udai risiti. Alama hiyo inapima tu upotevu wa umeme, haiahidi usalama, kwa hiyo soma pia kama boksi limetaja kinga dhidi ya shoti na dhidi ya volti kuzidi. Bei ikikubana, punguza kwingine. Keisi yenye taa za rangi nimeiona kwenye orodha, usidhani imenipita. SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, ya GB 500 inatutosha. Programu za ofisi hazina haja ya kununuliwa, kwani LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Excel ya mama yako. Shilingi 1,300,000 ndizo zote tulizonazo, na 200,000 kati yake zilikuwa za bati la jikoni, ambazo mama yako amezitoa shingo upande.

Huko Kariakoo usiache vifaa dukani eti waviunganishe wakati wewe umekwenda kula. Kwenye basi, boksi la madabodi na prosesa likae mapajani mwako mpaka Tanga, lisiingie kwenye buti na magunia ya watu.

Hapa nyumbani nimemwita fundi umeme aitenge soketi ya friji na ile ya meza, maana kompresa ikianza taa zote hufifia. Bibi yako anahofia luku. Nimemwambia kompyuta hiyo inakula umeme kidogo kuliko pasi, akajibu kwamba pasi haiwashwi usiku kucha. Hapo sikuwa na jibu.

Mdogo wako hajauliza lolote kuhusu kompyuta hii, na kunyamaza si kawaida yake. Ukipiga simu, umweleze wewe kwamba gemu zitakuwepo. Nikisema mimi atadhani namtega.

Kabla hujalipa, piga picha ubavu wa pawa saplai, pale penye kibandiko cha volti na wati, unitumie. Jumamosi nitakaa na simu na miwani tangu saa tatu asubuhi.

Baba yako