Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Tuonyeshwe ripoti ya ukaguzi wa bwawa la Sasumua

Kwa Waziri wa Maji, Usafi wa Mazingira na Unyunyiziaji,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu bwawa la Sasumua, lililoko Kinangop Kusini, Nyandarua, ambalo huipa Nairobi maji. Naomba ripoti ya karibuni zaidi ya ukaguzi wa usalama wake itolewe hadharani, na watu wanaoishi upande wa chini waelezwe mapema wafanye nini siku hali ikichacha.

Bwawa hili lilikamilika mwaka wa 1956, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa nchini. Mwaka wa 1968 ukuta wake uliongezwa kimo kwa sababu Nairobi ilikuwa imekua kuliko ilivyotarajiwa. Likijaa, linashika takriban mita za ujazo milioni 16. Maji yake yanasafishwa kule kule Njabini, kisha yanashuka kwa mabomba hadi Kabete, yakisukumwa na mteremko tu. Kiangazi kikibisha hodi, gumzo lote jijini huwa ni bwawa jingine la Nairobi, Ndakaini: limefika asilimia ngapi, mgao utaanza lini. Ni haki, kwa kuwa Ndakaini ni kubwa zaidi ya mara nne. Lakini Ndakaini lilianza kutumika mwaka wa 1994, na wakati huo Sasumua lilikuwa limeshafanya kazi karibu miaka 40.

Mjini, wengi wakisikia neno bwawa hufikiria ukuta wa zege. Ukuta wa Sasumua ni tuta la udongo ulioshindiliwa. Hilo si kosa. Tuta la udongo likitunzwa linaweza kudumu kuliko sisi sote. Ila lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji yanayofurika na kupita juu yake: yakishaanza kuteremka upande wa nje yanaukwangua udongo, na saa chache zinatosha kulimaliza. Wa pili ni maji yanayopita ndani, na huyu ndiye anayenikosesha raha zaidi kwa sababu haonekani. Kila tuta la udongo hupenyeza maji kidogo, na wahandisi huyatengenezea njia ya kutokea chini ya ukuta, mahali ambapo yanaweza kupimwa. Yakitoka maangavu na kwa kiasi kile kile, hakuna shida. Yakiongezeka ilhali bwawa halijapanda, au yakianza kutoka na rangi ya udongo, maana yake ni kwamba tuta linabebwa punje kwa punje kutoka ndani, hata kama juu nyasi ni za kijani na kila kitu kinapendeza machoni.

Ndiyo maana usalama wa bwawa kuukuu haujulikani kwa kulitazama, wala kwa waziri kulitembelea akiwa na wanahabari. Unajulikana kwa daftari. Kuna mtu anayepaswa kupima maji hayo mara kwa mara na kuandika, na kuna mwingine anayepaswa kusoma alichoandika mwenzake na kulinganisha na mwaka jana na mwaka juzi. Tunaomba kujua kama daftari hilo lipo Sasumua, na linasema nini.

Siandiki haya kwa hofu tupu. Mwezi wa Mei 2003, mvua kubwa ilivunja sehemu ya njia inayopitisha maji ya ziada bwawa likijaa. Tuta lenyewe lilisimama, tunamshukuru Mungu. Lakini kuanzia hapo bwawa halikuweza kujazwa tena kama zamani. Kwa miaka kadhaa lilishika karibu nusu tu ya uwezo wake, na ukarabati ukasubiri fedha za wafadhili. Nusu ya bwawa ilipotea kwa jiji lililokuwa tayari halitoshelezwi na maji. Na kumbuka, Mheshimiwa, kilichovunjika ni kile kinachofanya kazi siku chache tu kwa mwaka, na kuna miaka ambapo hakifanyi kazi kabisa. Kitu cha namna hiyo ni rahisi mno kusahaulika katika bajeti. Jambo moja ningependa wahandisi wako watujibu waziwazi: njia hiyo ilipojengwa upya, ilikadiriwa kwa mvua za miaka ya 1950, au kwa mvua tulizoziona 1997, 2018 na 2024?

Mvua za 2024 tunazikumbuka sote. Alfajiri ya Aprili 29, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu wakiwa usingizini. Taarifa za kwanza zilisema ni bwawa la Kijabe lililopasuka. Baadaye maelezo rasmi yakawa ni maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuzibwa na takataka na miti. Siku chache baadaye serikali ikaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Nilisoma agizo hilo mara mbili. Mtu mwenye ng'ombe wawili, watoto wanne na mama mgonjwa anahama kwenda wapi kwa saa 24, na anajuaje kama bwawa lililo juu yake ni miongoni mwa hayo 178? Kama ramani ya maeneo yatakayofikiwa na maji ingekuwa imebandikwa kwa chifu tangu kiangazi, agizo hilo lingekuwa na maana.

Kabla ya hapo kulikuwa na Solai. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40, na baada ya maafa ndipo tukaambiwa halikuwa na kibali. Sasumua si Solai. Ni mali ya umma, lina wahandisi, lina historia iliyoandikwa. Kwa hiyo ukimya kulihusu hauna hata kisingizio.

Nimezaliwa Kinangop Kusini na jamaa zangu bado wanalima viazi na kabichi huko. Mvua ikinyesha baada ya shamba kulimwa kuelekea bondeni, unaona mifereji midogo ya rangi ya kahawia ikikimbia kati ya matuta ya viazi hadi kijitoni, na kijito kinaingia bwawani. Udongo huo ukitua chini unachukua nafasi ya maji. Kuna wakulima waliopanda nyasi za mifugo kukata mteremko, na tofauti inaonekana kwa macho: maji yanayotoka kwao ni mepesi. Wengine wangefanya hivyo hivyo wakisaidiwa miche na ushauri. Lakini ni vigumu kumwomba mtu alinde maji ambayo hayaoni. Karibu na mabomba yanayokwenda Nairobi utakutana na punda akivuta mkokoteni wa mitungi ya lita 20, maji ya kuuzwa kwa wakazi wa pale pale. Viongozi wa Nyandarua wamelilalamikia jambo hili miaka nenda miaka rudi, na sioni kwa nini lichukuliwe kuwa siasa.

Lina uhusiano wa moja kwa moja na usalama. Watu wanaopita kando ya bwawa kila siku, wakichunga au wakienda shambani, ndio watakaoona kwanza sehemu iliyolowa isivyo kawaida au mti uliong'oka kwenye ukingo. Niliwauliza jamaa zangu wangempigia nani wakiona maji ya matope yakitoka chini ya ukuta. Hakuna aliyekuwa na nambari. Mmoja alisema angemwambia chifu. Mwingine alisema angenyamaza, asije akashukiwa kwa kuzurura karibu na bwawa.

Najua utaambiwa kwamba kutoa ripoti hadharani kutazua taharuki. Taharuki tuliiona 2024, na ilitokana na watu kutojua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinaitaka serikali kuchapisha habari muhimu zinazoligusa taifa, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatupa njia ya kuzidai. Kama kuna kurasa zinazohusu ulinzi wa mahali penyewe, zifichwe hizo. Hali ya tuta, njia ya maji ya ziada, vipimo vya maji yanayopenya, na kiasi cha udongo uliotua ndani si siri ya kijeshi.

Pamoja na ripoti, tunaomba ramani ya maeneo ya kando ya mto Chania yatakayofikiwa na maji tuta likipasuka, ibandikwe katika ofisi za machifu na kusomwa barazani kwa Kikuyu na Kiswahili. Tunaomba nambari moja ya simu, ijibiwe usiku na mchana, na mazoezi ya kuhama angalau mara moja kabla ya kila masika. Tunaomba pia fungu la matengenezo la Sasumua lionekane kwa jina lake katika bajeti, lisichanganywe na miradi mipya, maana mradi mpya una utepe wa kukatwa na fungu la matengenezo halina, na tunajua ni lipi hupunguzwa kwanza. Kama ni lazima bili ya maji ya Nairobi ichangie, mimi niko tayari kulipa.

Masika huanza Machi. Ikiwa ripoti ipo, kuiweka kwenye tovuti ya wizara ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa haipo, tunaomba ukaguzi uanze kiangazi hiki, maji yakiwa yameshuka na wahandisi wakiweza kuuona vizuri upande wa ndani wa tuta.

Wako mwaminifu,
Mzaliwa wa Kinangop Kusini, mkazi wa Nairobi