Barua kwa somo yangu wa Kinango

Wote, Makueni
Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na bado anauliza lini utamletea mkoba mwingine kama ule uliomsukia.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Hongera kwa kuchaguliwa katika kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi. Umeniuliza kamati ya watu wa kijijini inaweza nini mbele ya jua hili. Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona maneno ni mengi, na mengine ningependa uyaweke uyasome tena kabla ya mkutano wenu wa kwanza.

Anza na pesa. Makueni ilipitisha kanuni za hazina ya tabianchi mwaka 2015, ikatenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir wakafuata mwaka 2016 na sheria yao ya asilimia 2. Wengi waliona asilimia 1 ni kidogo mno, nami nilikuwa mmoja wao. Nikaja kuelewa baadaye: fedha iliyoandikwa kwenye sheria haingoji huruma ya gavana wala safari ya mfadhili. Ukame ukiingia, fungu liko pale, na mtu wa kijijini ana haki ya kuuliza limefanya nini. Siku hizi kaunti zote 47 zimo katika mpango wa FLLoCA, ule wa serikali ya kitaifa na Benki ya Dunia wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, na sharti lake mojawapo ni kaunti itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo. Kwa hiyo omba kitabu cha bajeti ya Kwale, ukae nacho, utafute fungu hilo kwa kidole chako. Bila hilo mtapanga mipango mizuri isiyo na miguu.

Sasa nikueleze tulivyochagua mahali pa bwawa letu la mchanga, yaani ukuta wa kukinga mto ili maji yabaki ndani ya mchanga wake, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe karibu na soko. Wanaume waliketi mbele, na kauli yao ilikuwa moja: bwawa liwekwe pale daraja linapovuka, kando ya barabara, mahali ambapo kila mgeni ataliona. Mambo yalikuwa yanaelekea kupita. Ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akasimama akasema: "Hapo darajani tukichimba kwa mikono, ikifika Februari maji yamekwisha. Kule kwenye kona, chini ya mkuyu, tunachota mpaka Septemba." Akaketi. Hakuongeza neno.

Afisa wa maji wa kaunti alikwenda kwenye kona akapiga vyuma ardhini, akakuta mwamba uko karibu na unavuka mto wote. Somo, yule mama alikuwa amepima mto ule kwa mtungi wake miaka ishirini. Hakuna kaunti yenye mtaalamu wa namna hiyo kwenye mishahara yake, lakini kila wadi inaye. Kazi yako ni kuhakikisha anaketi mbele. Hata saa ya mkutano ina maana: ukiitwa saa mbili asubuhi, wanawake wako mtoni.

Kwa kuwa Kinango nako mito yenu ni ya msimu, nikueleze kazi yenyewe. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto, umekaa juu ya mwamba na kushikamana na kingo zote mbili. Mvua zikija, mto unaleta mchanga unaojaza nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo. Karibu robo hadi theluthi ya ujazo wote huwa ni maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazalii humo, na yanapopita mchangani yanachujika. Mnachimba kisima pembeni, mnaweka pampu. Punda waliokuwa wakitembea nusu siku sasa wanarudi kabla chai haijapoa.

Lakini si mabwawa yote yalifaulu, na hili naliandika kwa uchungu. Kuna moja ambalo mwanakandarasi hakufikisha msingi kwenye mwamba. Alipanga mawe juu ya udongo mgumu, akafunika, juu likapendeza kabisa. Msimu wa kwanza maji yakapita chini ya ukuta, mchanga ukabaki mkavu kama unga. Cheti cha kukamilika kazi kilikuwa na sahihi za kamati, na yangu imo. Tulitia sahihi ofisini, hatukuwa tumeushuka mtaro ule hata siku moja. Tafadhali, wewe ushuke mtaroni kabla haujafukiwa. Vaa viatu vyovyote, ushike mwamba kwa mkono wako.

Tena kuna ulinzi baada ya kujenga. Mchanga wa Makueni unapendwa sana na wajenzi wa Nairobi, malori yalikuwa yanaingia usiku mitoni, na watu wamepoteza maisha hapa Ukambani kwa ugomvi wa mchanga. Mwaka 2015 huohuo kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Mtu akiisikia sheria hiyo atadhani ni habari ya malori tu. Kwangu mimi ni sheria ya tabianchi kuliko nyingi zenye jina hilo, maana mto uliochotwa mchanga hauna pa kuweka mvua. Tulikosa misimu mitano ya mvua kuanzia mwisho wa 2020, na mwisho wa 2023 El Niño ikatumwagia yote kwa mkupuo. Mto wenye mchanga ulibakiza kitu. Mto uliobaki mwamba mtupu ulipeleka kila tone kwenye mto Athi na baharini huko Pwani.

Wala usidhani mafunzo yote yako huku. Hapo Kwale kwenu, watu wa Gazi wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na fedha za kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, zimewaletea maji ya bomba na vitabu vya shule. Wanakijiji wenyewe ndio huamua zitumike wapi. Kawatembelee na kamati yako nzima, ni safari ya siku moja.

Mvua zetu kubwa huanza mwishoni mwa Oktoba. Njoo kabla, mto ukiwa mkavu, nikupeleke kwenye kona ya mkuyu. Yule mama amekubali kukuonyesha anavyojua mahali pa kuchimba, ila ameomba uje asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Na mkoba wa mama usisahau.

Ni mimi,
Somo yako