Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotaka Kuacha Kazi kwa Ajili ya Uwanja wa Mbio

Wanangu,

Salamu nyingi kwenu nyote mnaokutana jioni kwenye gereji ile ya nyuma ya nyumba, mliozaliwa Kongo, Burundi na Tanzania, pamoja na wadogo zenu waliozaliwa hapa hapa Utica na ambao Kiswahili chao kimeshaingia lafudhi ya jimbo la New York. Nimekwisha kusema na baadhi yenu ana kwa ana, lakini maneno ya barazani hupeperuka, na kila mmoja huondoka na lile alilolipenda tu. Kwa hiyo nimeona niyaandike, mahali ambapo hata mama zenu watayasoma.

Nimesikia kwamba baada ya kushinda mbio mbili msimu uliopita katika daraja la magari ya silinda nne, wawili kati yenu wanataka kuacha kazi kiwandani, mmoja anataka kukopa ili anunue gari la daraja la juu, na wote mnaitaja Daytona, ule uwanja mkubwa wa mbio wa Florida, kana kwamba ni kituo cha basi kinachofuata. Siwacheki. Nilipokuwa mtoto Tanga, Pasaka kwetu ilikuwa ni kukaa karibu na redio kusikiliza habari za Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, na mwaka 1965 Joginder Singh aliposhinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, mtaani kwetu hakubaki mtoto asiyeendesha rimu ya baiskeli kwa kijiti huku akijiita Joginder. Ugonjwa huo naujua, na kwangu haujapona.

Lakini mbio za Safari na mbio zenu ni kazi mbili mbali. Dereva wa Safari alikata maelfu ya kilomita, na kona iliyomtisha hakukutana nayo tena mpaka mwaka mwingine. Ninyi mnazunguka katika uwanja ambao mzunguko wake haufiki maili moja, mara nyingi ni nusu maili na pengine robo, mkikata kushoto siku zote, na kona ile ile mtaipita makumi kwa makumi ya mara kabla hamjarudi nyumbani kulala. Gari lililoipita vizuri kona ya tatu magharibi halitaipita vivyo hivyo saa tatu usiku, kwa sababu udongo umekauka, mafuta yamepungua tangini, na matairi yamepata moto. Dereva wa viwanja vifupi ni yule anayekumbuka gari lilisema nini katika mzunguko wa kumi, akaweza kumweleza fundi baada ya mbio kwa maneno yanayoeleweka. Wengi wenu mkishuka garini mnasema tu kwamba gari “lilikuwa zuri” au “lilikuwa bovu”. Hayo si maneno ambayo fundi anaweza kuyashikia spana.

Sasa nataka kuwaambia habari za mtu wa jirani. Mji wa Rome, ambao kutoka hapa si mwendo wa zaidi ya nusu saa, ulikuwa makazi ya Richie Evans, dereva wa mbio za viwanja vifupi. Alizaliwa mwaka 1941 katika familia ya wakulima, akaondoka shambani akiwa na miaka 16 kwenda kufanya kazi gereji mjini. Mwaka 1962 alipeleka Utica-Rome Speedway, pale pale Vernon mnapokimbilia ninyi, Ford ya mwaka 1954 aliyoipa namba PT-109, jina la mashua ya kivita aliyoiongoza John Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, katika Vita Kuu ya Pili. (Wakati ule uwanja ulikuwa wa lami, si udongo huu unaowaziba pua.) Daraja lake lilikuwa la wanaoanza, kama lenu. Mwaka 1965 akapanda kwenda kwenye magari ya modifaidi, yale ambayo magurudumu yake ya mbele yako wazi nje ya bodi, na mbio kuu ya kwanza aliyoshinda huko aliipata usiku wa mwisho wa msimu. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa ulikuja mwaka 1973.

Hesabuni. Tangu Ford ile mpaka ubingwa ni miaka 11, na ninyi mna miaka miwili. Baada ya hapo alikaa tena hadi 1978 ndipo akashika ubingwa wa pili, na kuanzia mwaka huo hakuna aliyemnyang'anya hadi 1985, mara nane mfululizo, jumla tisa. Gari lake la rangi ya machungwa lenye namba 61 lilijulikana kutoka Quebec hadi Florida, na mbio kuu alizoshinda zilipita 400.

Mkiulizwa habari zake najua mtataja tisa, kwa kuwa ubingwa ndio unaopendeza mdomoni. Mimi napenda mtazame mwaka 1979. Mwaka huo alikimbia mbio 60 za modifaidi zilizosimamiwa na NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari cha Marekani, akashinda 37, na katika mbio 54 alimaliza ndani ya watano wa mwanzo. Watu huishangaa ile 37, nami naishangaa zaidi 54. Kushinda kunaweza kutokana na injini kali au na ubovu wa wengine, ila kuwa katika watano wa mwanzo mara 54 kati ya 60 maana yake ni kwamba gari halikufa. Difu haikuvunjika, boliti haikulegea, radieta haikupasuka, na dereva mwenyewe hakuliingiza gari katika nafasi ambayo haikuwapo ili kugombania nafasi ya nne. Tena siku zile pointi zilikusanywa kutoka viwanja vingi, kwa hiyo mtu aliyetaka ubingwa alishindana usiku huu katika jimbo moja na kesho yake katika jingine, na katikati ya hapo alikuwa barabarani au chini ya gari akiwa na tochi. Ushindi ule ulitengenezwa Jumanne na Jumatano, gereji, wakati hakuna anayepiga makofi.

Mambo hayo ya Jumanne ndiyo mnayoyakimbia. Nilipokuja kwenu mwezi uliopita nilikuta mnabandika stika za moto ubavuni mwa gari, na breki za nyuma zina tope la wiki mbili. Modifaidi mnayoitamani haitawasamehe hilo. Ina tairi la nyuma la kulia lenye mzingo mkubwa kuliko la kushoto, ili gari lenyewe lipende kukata kushoto kwenye kona. Uzito wake umesogezwa kushoto kwa makusudi. Ukibadilisha springi moja kwa kiasi kidogo, pembe zote tatu zilizobaki zinahisi. Asiyeandika vipimo vyake katika daftari kila usiku hawezi kujua kesho alikosea wapi. Nendeni mkanunue daftari. Ndilo pambo rahisi kuliko yote mtakayoliwekea gari lile.

Nimewahi kuulizwa na mmoja wenu, kwa dharau kidogo, kwamba kama Evans alikuwa hodari hivyo mbona hakwenda kukaa kule juu na wakubwa wa televisheni. Swali hilo lina kosa ndani yake, yaani dhana kwamba uwanja mfupi ni ngazi, na anayebaki juu yake ameshindwa kupanda. Evans alibaki Rome, akaifanya kazi hii kuwa kazi kamili, akalisha nyumba yake, na mwaka 2012 alipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa NASCAR aliingizwa pamoja na Cale Yarborough na Darrell Waltrip, mabingwa wa daraja la juu kabisa. Dick Trickle wa Wisconsin naye alishinda mbio 67 katika mwaka mmoja wa 1972, kwenye viwanja vifupi vya kwao. Alipokwenda kukaa daraja la juu alipewa tuzo ya dereva mgeni bora wa mwaka 1989, akiwa mtu wa miaka 48, na katika mbio zaidi ya 300 za huko hakushinda hata moja ya pointi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukiwauliza watu wa Wisconsin, hawatakwambia habari za hizo 300.

Kwa wale wenu mnaoniambia kwamba watu wa rangi yetu hawatazamwi vizuri kwenye viwanja hivi, sitawaambia kwamba mmeota. Someni habari za Wendell Scott wa Danville, Virginia, fundi na dereva wa teksi, ambaye alianza mwaka 1952 katika uwanja wa mji wake. Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, katika uwanja wa udongo wa nusu maili, alishinda mbio za daraja la juu, lakini bendera na kombe akapewa Buck Baker, dereva mzungu. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka, wakubwa wakakiri kwamba hesabu ilikosewa na kwamba Scott ndiye aliyekuwa mbele. Alifariki mwaka 1990 bila kulipata kombe lenyewe. Ninachowaombeni mkione katika habari hiyo, mbali na uchungu wake, ni kwamba Scott aliingia mbio karibu 500 za daraja lile akitengeneza gari mwenyewe, wanawe wakiwa ndio mafundi wake, kwa vipuri ambavyo wengine walikwisha kuvichoka. Mtu anaweza kumnyima kombe, ila ile elimu ya mikononi hakuna aliyeweza kumnyima.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Tarehe 24 Oktoba 1985, Richie Evans akiwa amekwisha kuupata ubingwa wa tisa, aligonga ukuta katika mazoezi huko Martinsville, Virginia, akafariki akiwa na miaka 44. Ilikuwa mazoezi tu, hakukuwa na pointi za kugombania. Mafundi wengi walizilaumu chesisi, yaani fremu za chini, za modifaidi za wakati ule, ambazo zilikuwa ngumu mno zisizokunjika, hivi kwamba nguvu ya kishindo iliyopaswa kumezwa na vyuma ikaishia mwilini mwa dereva. Mwanadamu akifungwa mikanda, kiwiliwili hubaki kitini na kichwa huendelea na safari, na shingo ndiyo inayolipa. Kifaa cha kushika kofia na mabega kisiruhusu kichwa kuruka kilikuwapo tangu miaka ya themanini, lakini madereva walikiona kinabana, na NASCAR haikukifanya kuwa lazima katika madaraja yake makubwa mpaka Oktoba 2001, miezi minane baada ya Dale Earnhardt, bingwa wa daraja la juu, kufa Daytona.

Nami sina haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Miaka ya tisini, mimi na rafiki yangu tulijenga gari kwa fedha zetu za akiba. Tulinunua injini nzuri sana, nikaisikiliza kama mtu anavyosikiliza kinanda, kisha kiti tukakitoa katika gari bovu kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha. Usiku wa tatu gari liligonga ukuta ubavu, kiti kikang'oka upande mmoja, na rafiki yangu akavunjika mfupa wa bega. Hakuna wa kumlaumu zaidi yetu sisi wawili, na zaidi mimi niliyefunga boliti zile. Mpaka leo mkono ule hauinuki juu ya kichwa, na kila nikimwona anavaa koti nageuza uso.

Kwa hiyo ninawaomba mambo machache, na ninayaomba kwa umri wangu. Wale wawili wasiache kazi. Evans alifanya kazi gereji kabla hajawa na jina, na Scott alikuwa na teksi. Mshahara wa kiwandani ndio mdhamini wenu pekee asiyebadili mawazo katikati ya msimu. Yule wa mkopo asikope. Kaeni na gari la silinda nne misimu miwili mingine katika uwanja ule ule mmoja, mjue hata harufu ya udongo wake kabla ya mvua, na fedha ya kwanza mtakayoipata msiipeleke kwenye injini kabla kila anayeshika usukani hajawa na kiti kinachomtosha, mikanda ambayo haijapitwa na tarehe, na kifaa cha shingo. Halafu mmoja wenu, na nadhani mnamjua ni yupi kwa sababu ndiye anayenyamaza wengine wakipiga kelele, apewe kuweka daftari la vipimo na daftari la fedha.

Jumamosi nitakuwa gerejini saa mbili asubuhi. Ondoeni kiti na zulia kabla sijafika, nataka kuona jinsi vyuma vya kinga vilivyochomelewa sakafuni, hasa kile cha upande wa dereva ambacho mara ya mwisho nilipokigonga kwa nyundo hakikunipendeza mlio wake. Na zile breki mzioshe.

Mimi mzee wenu,
Utica, New York